Nani Anamdai Nani

Mwaka 1988 Tanzania ilihesabu watu wake kwa mara ya tatu tangu Uhuru. Mwaka huohuo Edwin Semzaba akachapisha tamthilia kuhusu karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akaishia kumtorosha binti wa mwenyeji wake. Serikali ilipata idadi yake, watu zaidi ya milioni 23. Karani wa Semzaba aliambulia majivu.

Waliosoma sekondari nchini wanaijua *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* kwa njia ya mtihani. Ngoswe ni kijana msomi, mtumishi wa serikali. Anafikia kwa mzee Ngengemkeni Mitomingi, anakula chakula chake, anaongozwa naye nyumba kwa nyumba. Binti wa mzee, Mazoea, ana mchumba tayari, lakini jicho la karani likishatua halibanduki. Kazi inalala, pombe inaingia, wawili wanatoroka, na Mitomingi kwa hasira anazitia moto karatasi zote za takwimu. Mwalimu anauliza dhamira, mwanafunzi anajibu: uzembe, ulevi, mapenzi yasiyo na adabu. Anapata alama zake. Jina la kitabu lenyewe linamsukuma huko, nami simlaumu. Ila nadhani Semzaba, aliyefariki mwaka 2016 baada ya kufundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, aliacha ndani ya kichekesho kile swali ambalo maswali ya mtihani hayaligusi. Katika *Tendehogo* ya mwaka 1980 alikuwa amewaweka jukwaani watumwa, yaani watu waliohesabiwa kama pembe za ndovu. Katika riwaya yake ya vijana, *Marimba ya Majaliwa*, anamzungusha kijana nchi nzima, mkoa hadi mkoa. Mtu huyu aliipenda nchi kwa kina cha anayetaka kujua kila kona yake ina nani, na alijua pia kwamba kutaka kujua kuna nani si jambo lisilo na hatari.

Kuhesabu kunaanza kwa kusahau. Ili niseme watu watatu wameketi barazani, inabidi nisahau kwanza kwamba mmoja ni mama mkwe wangu, wa pili ananidai, na wa tatu ameleta habari ya msiba. Nikikumbuka yote hayo siwezi kufika tatu. Nitafika mama mkwe, mdai na msiba, mambo ambayo hayajumlishiki. Wapo wanaoona usahaulifu huo ndiyo dhambi yenyewe, kwamba mtu akishageuzwa tarakimu amevuliwa utu. Sikubaliani nao. Mganga wa zahanati anayeagiza dawa za malaria za robo mwaka hana budi kusahau sura. Akikataa kuhesabu, dawa zitakwenda kwa wale anaowakumbuka, na sote tunajua mganga, kama mtu mwingine yeyote, huwakumbuka akina nani: shemeji, jirani, mtoto wa mwenyekiti. Tarakimu haina shemeji. Katika nchi yenye kujuana kwingi namna hii, kusahauliwa jina kwa muda ni kinga ya mnyonge.

Kwa hiyo sina ugomvi na hesabu. Swali langu linakuja baada ya kalamu kuwekwa chini. Namba ikishaandikwa, nani anamdai nani?

Milima ya Usambara ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili, kwa sababu huku jibu limegeuka zaidi ya mara moja. Wakilindi waliotawala kutoka Vuga walichukua kodi ya ng'ombe na nguvu za watu. Abdallah bin Hemedi, katika *Habari za Wakilindi*, ameeleza jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, alivyofika milimani akakubaliwa na wenyeji awe mtawala. Neno la kushika hapo ni kukubaliwa. Mtawala aliyekula ng'ombe za watu alidaiwa mvua. Wasambaa, wenyeji hao, walikuwa na namna yao ya kulipima jambo hili: utawala ulikuwa ama kuzifya shi, kuiponya nchi, ama kubana shi, kuiharibu. Hapakuwa na daftari, lakini deni lilikuwepo, na kila msimu wa masika ulikuwa siku ya malipo. Mvua isiponyesha, watu hawakuuliza mtawala amekusanya ng'ombe wangapi. Waliuliza amewala kwa sababu gani.

Wajerumani walileta daftari. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, mtu wa kwanza kuhesabu nyumba za milimani kwa karatasi alikuwa mtu anayekuja kuzidai rupia. Hakuwa na mvua ya kutoa wala hakuahidi. Kisha ikaja kadi ya kazi: mwanamume asiyekuwa na ajira ya kudumu kwa Mzungu alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne. Deni likawa limegeuzwa kichwa chini. Aliyehesabiwa ndiye anayedaiwa.

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, kipande cha karatasi, na watu wakakiita kipande. Katika mashamba ya Tanga, ya mkonge, kahawa na baadaye chai, kilidumu katika sura mbalimbali hadi enzi za Waingereza. Kina visanduku thelathini. Jioni mfanyakazi anakipeleka kwa karani. Kama kazi aliyopangiwa imekwisha, karani anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Kama imebaki mistari miwili, hatii, na siku ile, pamoja na jua lake na mgongo wake, haikuwepo. Mshahara unalipwa visanduku vikijaa, hata kama ni baada ya siku arobaini na tano. Fikiria maana ya jambo hilo. Kalenda ya mtu, umri wake hasa, inashikwa na kijana mwenye wino. Mzee aliyeishi chini ya utaratibu huo, halafu mwaka 1967 au 1978 akamwona kijana mwingine mwenye wino akipanda mlima kuja kuuliza nyumba hii ina wangapi, alikuwa na haki ya kuingiza watoto ndani na kufunga mlango. Wapo wanaoiita hofu hiyo imani potofu. Mimi naiita kumbukumbu nzuri.

Waingereza waliongeza ya kwao. Kuanzia Mlalo, Usambara ya Magharibi, mwaka 1946, mpango wa hifadhi ya udongo ulitaka kila kaya ilime matuta kwa kiasi ilichopangiwa, na kuna waliokuja kupima kama kiasi kimetimia. Watu wa Usambara hawakubishana na sayansi ya mmomonyoko. Walisema nchi inaharibiwa, kwa maana ileile ya zamani, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Kuna somo ndani ya neno kiasi. Matuta yalikuwa na faida, na leo wapo wakulima wanaotengeneza makinga maji kwa hiari yao katika miteremko ileile. Kilichokataliwa ni hesabu iliyomfanya mkulima mdeni wa shamba lake mwenyewe.

Bulwa iko upande wa pili, Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, mahali ambapo Wajerumani walifungua taasisi ya kilimo na mimea mwaka 1902 na kuanza kuhesabu kila kitu kinachoota. Ni nchi ya chai, ukungu na iliki. Ukitaka kuelewa falsafa ya hesabu katika nchi ya chai, nenda penye mizani. Mchumaji anachuma majani mawili na kichipukizi, anatupa nyuma kikapuni bila kuangalia, vidole vinajua. Mchana analeta mzigo. Karani wa mizani anausoma mshale, anatoa uzito wa chombo, anatoa kidogo kwa ajili ya unyevu wa asubuhi, anaandika. Kati ya mshale na karatasi kuna nafasi ndogo ya kilo moja, kilo moja na nusu, na siasa yote ya mlimani inaishi ndani ya nafasi hiyo. Popote chai inapolimwa utasikia malalamiko hayohayo kuhusu unyevu. Mchumaji anatazama mshale, karani anatazama daftari, na kila mmoja anajua mwenzake anatazama nini. Kumbuka mchumaji haichukii mizani. Bila mizani angelipwa kwa jinsi anavyochekewa na nyapara. Anachotaka ni kuiona mwenyewe, isomwe mbele yake, kwa sababu namba ile ni deni na yeye ndiye mdai.

Nilikuwapo Bulwa siku za sensa ya Agosti 2022. Karani, binti wa miaka ishirini na kitu aliyevaa kizibao cha kung'aa, alikuwa na kishikwambi badala ya karatasi, na mwenyekiti wa kitongoji alimtangulia kama Mitomingi alivyomtangulia Ngoswe. Tulimkuta bibi mmoja akianika iliki barazani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Karibuni, vuteni kigoda.”

“Bibi, usiku wa kuamkia siku ya sensa, tarehe 23, nani walilala humu?”

Bibi hakutaja idadi. Alianza na majina, kwa mpangilio wa vitanda, akiashiria kwa kidole kama vile ukuta ulikuwa wa kioo. Mjukuu aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani aliandikwa, kwa kuwa kanuni inaruhusu. Alipofika kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, karani akasita.

“Huyo, bibi, atahesabiwa hukohuko aliko.”

“Kitanda chake si hiki hapa? Na nauli ya kurudi Krismasi namtumia mimi.”

Wakaelewana kwa shida, mwenyekiti akisuluhisha. Karani alipomaliza akashukuru, akainuka. Bibi akamzuia kwa swali moja, bila ukali wowote: “Sasa mkishaandika, barabara mtatutengenezea lini?” Karani akacheka kwa aibu, akasema hayo yako juu yake.

Naam, yako juu yake, lakini swali lilikuwa limefika mahali pake. Kaulimbiu ya mwaka ule ilikuwa Sensa kwa Maendeleo, Jiandae Kuhesabiwa. Serikali yenyewe ndiyo iliyoweka neno maendeleo kwenye mizani. Ilipotangaza kwamba tuko 61,741,120, ilikuwa imekiri, nyumba kwa nyumba, orodha ya watu wanaoidai. Bibi alisoma mshale. (Sijui kama alifahamu kwamba maji ya milima hii yanateremka na Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani na kunyweka Tanga mjini, yaani mji nao una deni huku juu. Nadhani alifahamu, ni kwamba hakutaka kumchosha binti wa watu.)

Hofu ya kuhesabiwa si ya Waafrika peke yao, na wanaokwenda kanisani wanaikumbuka habari ya Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli. Mfalme anaagiza watu wahesabiwe, Yoabu jemadari wake anamsihi asifanye, anakataliwa, anazunguka miezi tisa na siku ishirini, na baada yake inakuja tauni inayoua watu elfu sabini. Wahubiri hulieleza kosa la Daudi kuwa kiburi. Sawa. Lakini angalia nani waliohesabiwa: wanaume wenye kufuta upanga. Wanawake hawamo, watoto hawamo, wazee hawamo. Haikuwa orodha ya watu wanaomdai mfalme ulinzi, ilikuwa orodha ya watu atakaowatuma kufa. Yoabu, mtu wa vita, alijua tofauti hiyo kuliko kuhani yeyote.

Na yupo ndugu wa karibu zaidi wa Semzaba, Mrusi Nikolai Gogol, mwandishi wa tamthilia na riwaya kama yeye. Katika tamthilia yake ya mwaka 1836, karani mdogo anadhaniwa kuwa mkaguzi wa serikali, anakopeshwa fedha na kila mkubwa wa mji, anamchumbia binti wa meya, anaondoka. Miaka sita baadaye, katika riwaya ya *Roho Zilizokufa*, mtu mmoja anazunguka akinunua majina ya watumwa wa mashamba waliokwisha kufa lakini ambao bado wamo kwenye daftari la kodi. Mabwana wana sababu ya kuyauza, maana wanaendelea kumlipia kodi marehemu mpaka hesabu ijayo. Gogol aliona kitu ambacho nasi tumekiona kwa jina la wafanyakazi hewa: hesabu ikitenganishwa na deni inakuwa bidhaa. Jina lisilodai chochote linaweza kuuzwa. Yupo mtu mahali fulani analipwa mshahara wa mtu asiyekuwepo, na namba haioni haya.

Lakini kama kuhesabiwa ni kudai, basi mtu atataka pia kuchagua anadai kama nani. Sensa ya 1967 iliuliza dini na kabila. Zilizofuata hazikuuliza. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka swali la dini lirudishwe na wakaigomea sensa lilipokosekana. Nilibishana na rafiki yangu juu ya jambo hili kutoka Muheza mpaka tukaona taa za Tanga. Yeye alisema kundi lisilohesabiwa haliwezi kuthibitisha kwamba linapunjwa. Mimi nilisema dola isiyojua ninavyosali imeniachia chumba kimoja cha nyumba yangu. Nikiri kwamba hoja yake ina uzito kwa kipimo changu mwenyewe, kwa kuwa nimekwisha sema namba ni hati ya mdai, na nani ataka kudai bila hati? Hata hivyo nabaki nilipokuwa. Deni la barabara, dawa na madawati linaweza kudaiwa na mtu kama mtu, kwa kuwa tu alilala hapa usiku ule. Mara tunapoanza kudai kama hawa na wale, mdaiwa anapumzika, na wadai wanashikana mashati.

Watanzania wana msemo: ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Husemwa mtu anapoona ugomvi wa nyumba ya jirani na kupita njia yake. Msemo huo unasimama kinyume kabisa na kazi ya karani wa sensa, ambaye kazi yake ni kuingia kwenye ya Ngoswe na kuuliza wake wangapi, watoto wangapi, waliozaliwa hai, walio hai bado. Kuna kichekesho kizuri katika kumpa karani huyo jina hilohilo. Anayefungua milango ya watu wote ana mambo yake ambayo watu waliambiwa wamwachie.

Hapo ndipo narudi kwa Mitomingi na moto wake. Ukiitazama tamthilia kwa jicho la deni, mambo yanabadilika nafasi. Ngoswe alipoingia nyumba ile aliingia na deni la kawaida la mgeni: amepewa chakula, malazi, mwongozo na heshima. Katika vijiji vyetu hilo halihitaji wino. Aliandika wenyeji wake kwenye karatasi za serikali, hakujiandika yeye kwenye deni lao. Juu ya hayo, akachukua na binti. Mitomingi alikuwa na kila sababu ya kuwaka, na darasani kila mwaka wapo wanafunzi wanaompigia makofi karatasi zinapoteketea.

Mimi huwa sipigi. Mzee alidhani anachoma mali ya Ngoswe. Karatasi zile hazikuwa za Ngoswe, na kwa maana yenye uzito hazikuwa hata za serikali. Zilikuwa madai ya majirani zake. Kila mstari ulikuwa mtu mmoja anayeweza kusema mimi nipo, mnanidai nini na nawadai nini. Kwa hasira ya haki kabisa, Mitomingi alifuta deni la dola kwa kijiji kizima ili kulipiza deni la mtu mmoja kwa nyumba moja. Ngoswe na mwenyeji wake wamegawana uharibifu: mmoja alidharau ukarimu kwa kuwa haukuandikwa, mwingine akadharau kilichoandikwa kwa kuwa mwandishi alikosa adabu. Wote wawili hawakuamini kwamba karatasi ile ingewahi kumlazimisha mkubwa yeyote kulipa chochote. Mwaka 1988, kwa hali ya maduka na zahanati ilivyokuwa, ni vigumu kuwashangaa.

Na yupo ambaye hesabu yake inanisumbua kuliko ya wote. Mazoea aliandikwa kwa baba yake, naamini, kwa mkono wa Ngoswe mwenyewe: mwanamke, umri kadhaa, hajaolewa. Mahari yake ilikuwa imekwisha kumhesabu upande mwingine. Kisha akatoroka, na mstari wake ukaungua pamoja na mingine. Kanuni inasema mtu ahesabiwe alipolala usiku ule. Wasafiri huhesabiwa stendi na nyumba za wageni. Baba anamdai utii, mchumba anamdai mahari, karani anamdai penzi. Kila mmoja ana lake la kumdai. Sijaona mwanafunzi, wala mwalimu, wala mimi katika miaka ya kukifundisha kitabu hiki, aliyewahi kuuliza Mazoea alikuwa anamdai nani, na kwa karatasi ipi.